Maji moto ya Bonde la Ufa: uende Magadi au Bogoria? (Na Olkaria? Na Loiyangalani?)

Shangazi yangu anakaa Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Magoti yake yana sifa katika ukoo wetu: yakiuma, mvua iko njiani, yakinyamaza, kuna harusi. Mwaka jana alisikia redioni kwamba maji moto ya chemchemi hulegeza viungo, akanipigia simu Jumapili asubuhi kabla sijafumbua macho vizuri. "Wewe kila wiki unazurura na hilo gari. Mimi pia nipeleke kwenye maji moto."

Sikuuliza yapi. Jumamosi iliyofuata nikamchukua alfajiri, tukaelekea Ziwa Bogoria. Tulipofika kwenye chemchemi za Loburu, baada ya saa sita barabarani pamoja na kusimama kunywa chai, alivua viatu, akakunja leso hadi magotini, akasogea. Maji yalikuwa yanatokota kama sufuria ya githeri, mvuke umemfunika mlinzi wa hifadhi aliyesimama pembeni. Shangazi akageuka akanitazama.

"Sasa goti naliingiza wapi?"

Mlinzi alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimechoma nusu tangi ya petroli kumleta mgonjwa wa magoti mahali pa kuchemshia mayai.

Kwa hiyo ukiniuliza uende wapi kati ya maji moto yanayofikika kutoka Nairobi, kabla ya kuuliza bajeti nitauliza hivi: unakwenda kuingia au kutazama? Jibu la swali hilo moja linaondoa nusu ya orodha. Kosa la wengi, mimi nikiwa wa kwanza, ni kudhani kwamba jina "maji moto" lina maana ya kuoga.

Na kuna kosa la pili, dogo, linalopoteza watu kabisa. Usimwambie dereva "tupeleke Maji Moto" ukanyamaza. Kuna Maji Moto ya Narok, na kuna Maji Moto upande wa kusini wa Bogoria. Sema na kaunti.

Moto wenyewe unatoka chini ya Bonde la Ufa. Huko ardhi imepasuka na kunyooka, na miamba yenye joto kali iko karibu na uso kuliko kwingine. Mvua inayonyesha kwenye kuta za bonde huzama kupitia nyufa, hupashwa moto, kisha hupanda tena kwa nyufa nyingine. Njiani huyeyusha chumvi na madini ya miamba ya volkano. Chemchemi hizi karibu zote ziko kwenye ukame: sakafu ya bonde iko chini na ina jua kali, na maji hukauka haraka kuliko mvua inavyoyaongeza. Na kwa sababu ya madini hayo hupaswi kuyanywa, hata yakiwa safi kama kioo. Maji mengi ya bonde hili yana floridi nyingi, ile inayogeuza meno kuwa ya kahawia.

Maji yenyewe

Tuanze na Bogoria, maana ndiyo inayosifiwa zaidi na inastahili. Ziwa liko takriban mita 990 juu ya usawa wa bahari, Kaunti ya Baringo, na kando yake kuna chemchemi zipatazo 200. Joto lake limepimwa kuanzia nyuzi 39 hadi nyuzi 98.5. Kumbuka kwamba katika kimo hicho maji huanza kuchemka kabla ya kufika nyuzi 97, kwa hiyo yale makali zaidi yanatoka ardhini yakiwa yamepita kiwango cha kuchemka. Ndiyo yanayoruka hewani kwa kishindo. Hakuna mahali pengine Afrika penye chemchemi nyingi za kuruka namna hiyo.

Ziwa hilo zamani wakoloni waliliita Hannington, kwa jina la askofu. Mwaka 2001 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, na mwaka 2011 likawa sehemu ya Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita. Lakini usiende na picha za zamani kichwani. Katika miaka kumi na kitu iliyopita ziwa limepanda, likameza sehemu ya barabara ya ndani na baadhi ya chemchemi maarufu. Mahali ambapo maji yaliruka juu kama mnara, siku nyingine utaona duara la mapovu tu katikati ya ziwa. Bado panavutia. Ila mtu aliyekuja mwaka 2005 akikusimulia, punguza kidogo.

Magadi ni tofauti kwa kila namna. Hakuna kishindo. Ziwa liko Kajiado, karibu mita 600 tu juu ya bahari, yaani kutoka Nairobi unateremka zaidi ya kilomita moja kwenda chini, na masikio yatakuambia hivyo. Hakuna mto wa kudumu unaoingia humo. Linalishwa na chemchemi za pembeni zenye chumvi, jua linakausha, na kinachobaki ni gamba jeupe na la waridi la magadi. Magadi hayo yanachimbwa tangu enzi za ukoloni. Kampuni ya kwanza ilianzishwa 1911, na reli ya kuyachukua ikashuka kutoka Konza. Mama zetu wanayajua kwa jina hilohilo: ni yale yanayolainisha maharagwe.

Chemchemi za Magadi nazo haziko sawa. Upande wa kaskazini magharibi, kwenye ziwa dogo la Nasikie Engida, kuna zilizopimwa zaidi ya nyuzi 80. Hizo usizisogelee na mguu. Zile ambazo watu wa Nairobi huendea ziko upande wa kusini, baada ya kuvuka tuta lililokatisha ziwa. Maji yake yanazunguka nyuzi 40, yanajikusanya katika vidimbwi vya kufika magotini au kiunoni, na unaweza kukaa. Ukiyashika yanateleza kama umejipaka sabuni. Ni ukali wa magadi unaokutana na mafuta ya ngozi. Utelezi huo ni mtamu mpaka ugundue kwamba ulijikata kidole juzi ukikata sukuma. Hapo utaruka.

Na kuna samaki! Hiki ndicho kitu kilichonifanya niipende Magadi kuliko Bogoria, nakiri wazi. Ni jamii ya tilapia, wadogo kama kidole cha gumba, wanaishi katika maji ya joto la nyuzi 40 na zaidi, yenye ukali ambao ungemuua samaki wa Naivasha kabla hujamaliza kumtazama. Samaki wa kawaida hutoa taka za mwili kama amonia. Huyu wa Magadi anazitoa kama urea, kama sisi binadamu, kwa sababu maji yake hayamruhusu kufanya vingine. Utawaona wamejipanga pale maji ya moto yanapoanza kupoa. Wanasogea inchi moja mbele kula mwani, kisha wanarudi. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukaa hapo saa nzima bila kuuliza simu.

Barabara na mfuko

Nairobi hadi mji wa Magadi ni kama kilomita 115 kupitia Rongai na Kiserian. Lami inafika mjini. Haimaanishi ni lami nzuri: kuna vipande vilivyoliwa, na makorongo, yale tunayoyaita laga, yanayojaa ghafla mvua ikinyesha hata kama kwako ni jua. Kutoka mjini hadi chemchemi za kusini ni njia ya vumbi, mawe na magadi, nusu saa hadi saa nzima kulingana na gari na moyo wa dereva. Gari dogo limefika, nimeliona. Pia nimeliona moja limekaa kwenye tope la magadi likisubiri kuvutwa, na tope hilo halina huruma. Juu ni gamba kavu linalodanganya, chini ni uji. Usitoke kwenye alama za magurudumu ya waliotangulia. Jaza petroli Kiserian.

Bogoria ni karibu kilomita 275: 160 hadi Nakuru, kama 100 nyingine kuelekea Marigat, kisha kukata kulia kwenda Loboi. Yote lami, na gari lolote linafika. Kinachochosha ni malori kati ya Limuru na Nakuru. Baada ya Nakuru barabara inatulia, unavuka ikweta karibu na Mogotio, na ukikaribia Marigat unaanza kuona chupa za asali kando ya njia.

Tufanye hesabu ya mafuta, maana hapa ndipo wengi wanapoamua. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita: Magadi kwenda, kuzunguka na kurudi ni lita 28 hivi. Bogoria ni lita 55 bila kuzunguka popote. Zidisha kwa bei ya pampu ya wiki hii. Halafu Bogoria ongeza kitanda cha usiku mmoja, kwa sababu kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kama nilivyomfanyia shangazi, ni ukatili. Magadi inafanyika siku moja: toka saa kumi na moja alfajiri, uwe majini kabla ya saa tatu na nusu, na saa sita uwe umeanza kupanda kurudi. Jua la mchana kule linafika karibu nyuzi 40, na kukaa kwenye maji ya nyuzi 40 chini ya jua la nyuzi 40 ni kujipika mwenyewe.

Huna gari? Bogoria ndiyo rahisi, ingawa ni mbali. Matatu hadi Nakuru, nyingine hadi Marigat, kisha boda boda au gari la Loboi. Magadi ukifika mjini kwa gari la abiria bado hujafika, chemchemi ziko mbali na hakuna kivuli cha kutembelea. Jiungeni wanne watano, kodisheni gari refu.

Viingilio sitavitaja kwa shilingi, vinabadilika. Bogoria ni hifadhi ya kaunti, kuna lango na risiti. Magadi unajiandikisha getini, na jamii ya huko ina ada yake pamoja na ya kiongozi wa njia. Uliza bei kabla hujawasha gari, mkubaliane, na hiyo ndiyo iwe.

Wenyeji

Bogoria ina historia inayostahili kujulikana kabla ya kupiga picha. Waendorois, ambao walikuwa wakilisha mifugo na kufanya matambiko kandokando ya ziwa hilo, waliondolewa miaka ya 1970 ili hifadhi iwekwe. Walikwenda hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ukawapa haki. Chemchemi hizo kwao ni mahali pa maombi na tiba. Kwa hiyo ukimpata kijana wa Loboi akutembeze, mlipe vizuri na umsikilize. Kijana tuliyempata safari ya pili alijua wapi ardhi ni ngumu na wapi ni ganda tu. Na hilo ndilo jambo la hatari zaidi Bogoria, kuliko maji yenyewe: ukingo wa chemchemi huweza kuwa ganda jembamba juu ya maji yanayochemka. Unakanyaga, unazama hadi kifundo, na ngozi inabaki kwenye soksi. Watoto washikwe mkono muda wote. Si "wakae karibu". Washikwe.

Magadi wenyeji ni Wamaasai, na bila kiongozi utazunguka kwenye weupe ule mpaka uone Tanzania. Ukishatulia majini, akina mama watatokea na shanga, kutoka mahali ambapo ungeapa hapakuwa na mtu. Hawana pupa. Wanatandika shuka na kusubiri. Nunua kitu kidogo, au sema hapana mara moja kwa heshima. Kinachowaudhi ni yule anayejaribu kila bangili kisha anaondoka.

Chakula: Bogoria inashinda, bila mjadala. Mbuzi wa Baringo anajulikana hadi Nairobi, na pale Marigat anachomwa bila haraka. Njia ya Magadi ina nyama choma nzuri kule Olepolos na Kona Baridi, lakini hiyo uile ukirudi, upepo wa vilima unakupoza. Huko chini kwenyewe beba chakula chako. Ukiwa na nafasi, kata kushoto Olorgesailie. Kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala yalipoachwa, mengine yana umri wa karibu miaka milioni moja, na ni mwendo mfupi tu kutoka barabarani. Shangazi aliyatazama akasema hata wao walihitaji kisu cha jikoni.

Olkaria, kwa wasiotaka vumbi

Kuna bwawa la Olkaria, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate huko Naivasha, kama kilomita 120 kutoka Nairobi. Maji ya buluu iliyochanganyika na maziwa, ngazi, mahali pa kubadilishia nguo, bafu la kujisuuza. Liko wazi tangu 2013. Lakini tusidanganyane: hiyo si chemchemi. Ni maji yanayotoka kwenye visima virefu vya umeme wa mvuke, mvuke ukishatenganishwa kuwasha stima yetu, maji yanayobaki yanapoozwa na kuelekezwa bwawani. Mimi sioni ubaya. Wengine wanaona wamedanganywa wakishajua, ndiyo maana nasema mapema.

Kwa mzee, kwa mjamzito aliyeruhusiwa na daktari wake, kwa mtu anayeogopa kuteleza kwenye mwamba, Olkaria ndiyo jibu na sina haja ya kurefusha. Unalipa kuingia hifadhini na unalipa bwawa. Piga simu kabla ya kwenda, maana kuna siku linafungwa kwa usafi.

Ndani ya Hell's Gate kuna pia korongo la Ol Njorowa, ambako maji moto ya kweli yanachuruzika ukutani. Pazuri, lakini mvua ikinyesha mbali juu milimani, korongo hujaa kwa dakika chache. Watu wamekufa humo, vijana waliokuwa kwenye matembezi mwaka 2012, na watalii Septemba 2019. Walinzi wakisema limefungwa, usibishane nao.

Loiyangalani, kwa mwenye wiki nzima

Ukisema jangwa, jangwa hasa, basi Magadi ni nusu tu. Jangwa liko Marsabit. Loiyangalani, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, ni mji uliozaliwa na chemchemi: maji ya uvuguvugu yanatoka chini ya Mlima Kulal, mikoma ya jangwani inaota, na watu wanakaa. Ondoa chemchemi hiyo na hakuna mji. Jina lenyewe, kwa lugha ya Wasamburu, ni mahali pa miti mingi.

Kuogelea kwenye maji moto si sababu ya kwenda huko. Ukifika utagundua kwamba maji hayo ni ya kunawa, kufua na kunywesha mbuzi, na wewe ni mgeni kwenye foleni. Sababu ni safari. Lami inakufikisha Laisamis, halafu ni kilomita zaidi ya 200 za changarawe, unapita mitambo 365 ya upepo iliyopandwa pale kwa sababu upepo wa huko haulali. Usiku utadhani paa linaondoka. Magari mawili, magurudumu ya akiba mawili kwa kila gari, maji ya siku tatu zaidi ya mpango wako. Safari yangu ya huko ilikula pancha nne, na fundi aliyeniuzia tairi "mpya" kabla ya kutoka sitamtaja, yeye mwenyewe anajijua.

Kwa hiyo usiilinganishe na Magadi kana kwamba ni chaguo la Jumamosi. Ni likizo.

Na Kapedo?

Kila nikitaja mambo haya kuna mtu anauliza Kapedo. Najua. Mto mzima wa maji ya moto, karibu nyuzi 50, unaanguka kwenye jabali kama maporomoko na kuelekea Bonde la Suguta. Kati ya vyote nilivyovitaja, ndicho cha ajabu zaidi. Lakini uko mpakani mwa Baringo na Turkana, eneo ambalo wizi wa mifugo na risasi vimekuwa vikiua raia na maafisa wa usalama kwa miaka. Mwaka 2014 polisi wengi waliuawa huko kwa siku moja, na Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa kuwa na sehemu hatari. Sitakupa maelekezo. Siku wenyeji wakilala bila kuweka zamu, tutakwenda.

Vya kubeba, na vya kutofanya

Kwa Magadi: akala au viatu vya kamba vinavyofunga nyuma, si slipa za bafuni, zitabaki kwenye tope. Mtungi wa lita 20 wa maji safi ya kujisuuza, kwa sababu magadi yakikaukia mwilini ngozi hupasuka kama kiatu cha zamani. Vua pete na mikufu. Maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu, hata yule anayesema hanywi maji. Nguo utakayoingia nayo iwe ya zamani.

Kwa Bogoria: kofia, viatu vilivyofunika mguu, na darubini kama unayo, kwa ajili ya tandala wakubwa vichakani na heroe, wale tunaowaita flamingo, ambao huja na kuondoka wanavyotaka wenyewe. Usiahidi watoto flamingo. Kama lazima mtu aoge, kuna hoteli karibu na lango la Loboi yenye bwawa linalojazwa na maji ya chemchemi. Laiti ningeuliza mlinzi siku ile ya kwanza! Nililiona bwawa hilo miezi minne baadaye, kilomita chache tu kutoka mahali shangazi alipokuwa amekunja leso.

Popote pale, jaribu maji kwa mkono kabla ya mguu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Usizamishe kichwa: katika maji ya uvuguvugu yasiyotiwa dawa huweza kuwa na vijidudu vinavyoingia kupitia puani hadi kwenye ubongo, ni nadra sana, lakini aliyepatwa karibu haponi. Dakika kumi na tano, toka, kunywa maji, rudi ukitaka. Mwenye presha au moyo amuulize daktari kwanza. Kuhusu magoti, joto hulegeza misuli na maumivu hupungua kwa muda. Anayekuuzia chupa ya maji hayo kama tiba ya kudumu anauza chupa.

Miezi? Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Septemba. Msimu wa mvua ndefu, Magadi inageuka kioo kizuri sana ambacho huwezi kukifikia.

Uamuzi wangu, kama unataka niseme waziwazi: watoto na wapenda picha, Bogoria, mlale usiku mmoja. Wapenzi wa ukimya na wenye Jumamosi moja tu, Magadi. Mzee, Olkaria.

Ingawa kwa mzee wangu sikufuata ushauri huo. Shangazi alikataa bwawa lenye risiti, akataka "maji ya Mungu". Tukashuka Magadi mwezi wa pili. Kiongozi wetu, kijana mrefu mwenye shuka jekundu, alimshika mkono hadi kwenye kidimbwi, akimwita yeyo, yaani mama. "Yeyo, polepole. Kaa kwenye hilo jiwe, lingine linateleza." Shangazi akakaa, maji yakamfika kiunoni, samaki wakakimbia kisha wakarudi. Kwa muda wa robo saa hakusema neno, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kulishuhudia.

"Goti la kushoto limenyamaza," akasema mwishowe. "La kulia bado linabishana."

Jioni alipanda ghorofa nne akisimama mara mbili badala ya nne, nilizihesabu. Kesho yake akapiga simu. Jirani wa ghorofa ya pili amemwambia kwamba Olkaria kuna viti vya kuegemea, na anataka kujua kwa nini nilimficha.